Kabla ya kupanda meli ya Svalbard, koti liache mwisho

Ukitangaza tu kwamba unakwenda Svalbard, kila mtu atakuuliza habari ya koti. Jirani atauliza, mama mkwe atauliza, hata kijana anayekukatia tiketi atauliza. Koti lina kazi yake, na tutalifikia. Ila sijasikia mtu aliyerudishwa uwanja wa ndege kwa sababu ya koti. Safari hii huharibiwa na vitu vidogo zaidi: tarakimu moja kwenye viza, soksi zilizolowa, karatasi ya bima ambayo hakuna aliyeisoma.

Kwanza tujue tunakokwenda. Svalbard ni visiwa vilivyo chini ya Norwei, katikati ya Norwei bara na Ncha ya Kaskazini. Mji wake mkuu, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini na una watu kama 2,500. Hakuna barabara ya kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo anayetaka kuona pwani ile huenda kwa meli. Meli ndogo za msafara hubeba kuanzia watu 12 hadi mia na ushee. Hupita kwenye fiodi, yaani zile ghuba nyembamba zinazoingia ndani kati ya milima, na kushusha watu ufukweni kwa boti za mpira mara mbili kwa siku hali ya hewa ikiruhusu.

Anza na viza, hasa kama pasipoti yako ni ya Tanzania, Kenya au Uganda. Svalbard yenyewe haidai viza kwa mtu yeyote. Mtego uko njiani. Ndege za abiria za kwenda Longyearbyen huondoka Oslo au Tromsø, na huko ni eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Svalbard haimo Schengen. Ukipanda ndege ya kwenda Longyearbyen umeshatoka Schengen, pasipoti inakaguliwa, na siku ya kurudi unahesabiwa kuwa unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja anakuwa ameimaliza. Kwa hiyo ukijaza fomu, omba kuingia mara mbili au zaidi, ueleze sababu, uambatishe hati ya meli inayoonyesha inaanzia na kuishia Longyearbyen. Viza ikitoka, usiondoke dirishani kabla hujasoma ile stika. Pale penye idadi ya kuingia pasomeke 02 au MULT. Ukiona 01, sema hapo hapo. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika siku 45, kwa hiyo usisubiri hadi mwezi wa mwisho.

Bima nayo ina mtego wa aina hiyo hiyo. Ile ya kuombea viza inatakiwa ilipie matibabu ya angalau yuro 30,000 katika nchi za Schengen. Sasa rudia sentensi ya juu: Svalbard haimo Schengen. Kampuni ya bima inaweza kukusomea mstari huo siku ambayo huna nguvu za kubishana. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, na mgonjwa mwenye hali nzito hupelekwa Tromsø kwa ndege, karibu kilomita elfu moja kuvuka bahari. Kama ameumia akiwa melini kaskazini, kuna helikopta kwanza kabla ya hiyo ndege. Waandikie watu wa bima swali moja tu: mnalipia helikopta kutoka melini na ndege ya mgonjwa kutoka Svalbard, ndiyo au hapana? Jibu lao lichapishe ulitie kwenye begi la mkononi, pamoja na dawa zako za kila siku, na za akiba za wiki moja juu yake. Hata melini kukiwa na daktari, duka la dawa hakuna.

Fika Longyearbyen angalau siku moja kabla ya meli kung'oa nanga. Mimi begi langu lilibaki njiani kwenye kubadilisha ndege, likanifikia kesho yake mchana, saa tatu kabla ya kupanda. Lingechelewa siku moja zaidi, meli ingeondoka bila hilo begi, na huko mbele hakuna bandari ya kuliletea. Tangu hapo nguo za ndani za joto, glavu na darubini husafiri nami mkononi.

Kuhusu msimu, chagua unachotaka kuona. Mei na mwanzo wa Juni theluji bado iko hadi ufukweni na barafu ya bahari inafunga njia za kaskazini. Julai na Agosti maji hufunguka, meli hufika mbali zaidi, maua madogo huchanua kwenye kokoto, na ndege wa baharini wanalea makinda. Septemba usiku unarudi na rangi za jioni nazo zinarudi. Kwa ukubwa wa meli, mimi husema ndogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Wakiwa 12 wote hushuka pamoja. Wakiwa mia na zaidi hushuka kwa zamu, na zamu ya pili hukuta nyayo za zamu ya kwanza. Tangu 1 Januari 2025 meli yenye abiria zaidi ya 200 hairuhusiwi kabisa kwenye maeneo ya hifadhi, na humo watu hushushwa katika sehemu 43 tu zilizotajwa. Muulize anayekuuzia safari watu wangapi hushuka kwa wakati mmoja. Idadi ya vyumba haikusaidii.

Haya, koti. Julai Longyearbyen hucheza kwenye nyuzi tano hadi nane. Aliyewahi kuamka Njombe au Limuru mwezi wa saba hatashtuka. Kinachouma ni upepo wa kwenye boti, ukiwa umekaa saa mbili bila kutembea huku matone ya maji yanakurukia. Kwa hiyo usitafute koti moja nene kama godoro. Vaa tabaka: nguo ya sufu inayobana mwili, sweta nzito, halafu juu kabisa koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Suruali ni lazima kama koti, maana boti hukulowesha kuanzia mapajani. Pamba iache nyumbani. Fulana ya pamba ikishika jasho hubaki na ubaridi siku nzima. Na usikimbilie duka la Oslo, utalia. Gikomba na Karume kuna marobota ya nguo za baridi za Ulaya ambazo hapa kwetu hazina mnunuzi. Sufu halisi unaipata kwa bei ya chipsi kuku, ila utafute lebo kwa subira na ukague zipu.

Ukishanunua mtumba, ufue vizuri kisha uusafishe kwa brashi na kibano cha nyusi. Hasa vile vibandiko vyenye miba midogo (velcro), mikunjo ya mifuko na soli za viatu. Mbegu moja ya majani iliyojificha humo inaweza kuota mahali ambapo haijawahi kuwepo. Melini utakaguliwa kabla ya kushuka, na si jambo la kupendeza kuchokolewa soli mbele za watu.

Gambuti ndizo viatu vya safari hii, zile ndefu za kufika karibu na goti. Meli nyingi huazimisha, nyingine na koti juu yake, kwa hiyo uliza kabla hujabeba, na utaje saizi yako mapema. Chukua namba inayoruhusu soksi mbili na bado vidole vinacheza. Kiatu kinachobana ni baridi hata kikiwa na manyoya. Glavu ziwe jozi mbili, nyembamba za kushikia kamera na nene za kuvaa juu yake.

Kuingia kwenye boti ndiko kunakowatisha wengi, na kunafundishwa siku ya kwanza. Mikono yote miwili iwe mitupu, kamera begini, begi mgongoni. Baharia aliye botini hakushiki kiganja, hukushika mkono juu kidogo ya kifundo, nawe unamshika vivyo hivyo, mkono kwa mkono. Mshiko huo hautelezi hata kwa glavu zilizolowa. Unasubiri wimbi liinue boti, unakanyaga mpira wa pembeni, halafu sakafu, halafu unakaa na kusogea kwa makalio kumpisha mwenzako. Ufukweni unageuza miguu nje kama anayeshuka kitandani na kutua majini hadi katikati ya muundi. Kama magoti yako yana matatizo, zoezi la kuanza nalo miezi miwili kabla ni hilo la kukaa na kusimama bila kujishikilia, na kupanda ngazi. Na jambo ambalo vijitabu husahau: nchi kavu hakuna choo. Nenda kabla hujaanza kuvaa zile tabaka zote.

Dubu weupe. Kila mtu anawatamani, na wao ndio sababu ya kila utaratibu. Waongozaji hubeba bunduki na bastola za fataki, na hukagua eneo kabla ya abiria kushuka. Wakisema turudi botini, turudi kimya kimya, bila picha moja ya mwisho. Tangu 1971 dubu wameua watu sita Svalbard, na mara ya mwisho ilikuwa 2020, katika eneo la kambi karibu na uwanja wa ndege. Sheria sasa inataka meli na boti zikae angalau mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni. Mita 300 ni viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Kwa macho matupu dubu ni doa la rangi ya samli kwenye theluji nyeupe. Ndiyo maana darubini ni muhimu kuliko kamera ya bei mbaya, na kila mtu awe na yake. Mke na mume wakishirikiana darubini moja, mmoja wao atasimuliwa.

Usiokote kitu. Jiwe, unyoya, pembe ya kulungu, kipande cha mbao, vyote vibaki. Kila mabaki ya binadamu ya kabla ya 1946 yanalindwa kisheria, na mita 100 kuyazunguka, hata kopo lenye kutu. Mifupa ya nyangumi iliyotapakaa ufukweni ni ushahidi wa wavuvi wa karne ya 17 waliochemsha mafuta pale. Droni usiihangaikie, kwenye hifadhi ni marufuku.

Mkishatoka Longyearbyen, simu yako mara nyingi itakuwa kamera tu, na saa. Baridi hunyonya betri, basi ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili na uwe na mbili za akiba. Ukitoka nje, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia kwenye joto la meli, uifungue baada ya nusu saa, la sivyo itatoka jasho ndani ya lenzi. Mkikaribia Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti, mtaambiwa mzime Wi-Fi na Bluetooth. Pale kuna mitambo ya sayansi inayosikiliza ishara dhaifu mno kutoka angani, na simu yako ni kelele kwake.

Kulewa bahari kunategemea bahati. Ndani ya fiodi maji ni shwari kama ya mtungini, nje ya pwani ya magharibi ni jambo jingine. Meza kidonge kabla ya kutoka fiodini, si baada ya kuanza kutapika. Aliyezoea jahazi asijivune, mtikisiko wa meli ndogo ni wa namna yake.

Kisha kuna jua. Longyearbyen halizami kuanzia karibu 20 Aprili hadi 22 Agosti. Pazia la chumba huvuja mwanga pembeni, nami nilifunga kanga machoni kila usiku. Muislamu atajiuliza magharibi iko wapi. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, maana melini hakuna wa kumuuliza. Wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu wenye usiku na mchana. Kibla kiko kusini kuelekea mashariki kidogo, ila meli hugeuka, basi angalia ramani ya ukutani kila mara. Chakula halali kiombe wakati wa kuweka nafasi, si mezani.

Ratiba uliyopewa usiichapishe. Kila jioni kiongozi wa msafara huandika ya kesho yake, baada ya kutazama ramani ya barafu na upepo, na huifuta asubuhi. Ukimdai jabali la Alkefjellet kwa sababu uliona picha ya ndege wake mtandaoni, utakasirika bure. Siku yetu nzuri kuliko zote ilikuja baada ya ukungu kutuzuia mahali tulipopangiwa. Tulijibanza kwenye fiodi ambayo haikuwa kwenye karatasi, walarasi kumi na kitu, wale wanyama wanene wa baharini wenye meno marefu, wakiwa wamelaliana ufukweni, na tuliwanusa kabla hatujawaona.

Mwisho, weka juu kabisa ya begi jozi moja ya soksi safi zisizotoboka. Longyearbyen ulikuwa mji wa wachimba makaa, na desturi ya kuvua viatu mlangoni ili vumbi jeusi lisiingie bado ipo, kwenye makumbusho na kwenye hoteli kadhaa. Utasimama kwa soksi mbele ya watu usiowajua.