Nakuru ama Kisumu: piga hesabu yako kabla uite lori

Ukiuliza watu wapi maisha ni nafuu kati ya Nakuru na Kisumu utajibiwa kwa mapenzi, si kwa hesabu. Wa Kisumu atakwambia huku kuna samaki, upepo wa ziwa na watu wanajua kuishi, wa Nakuru atakwambia huku hatutoki jasho, waru (viazi) ni ya kumwaga na Nairobi ni karibu, na wote wawili hawajadanganya, shida ni kwamba hakuna kati yao anajua pesa yako wewe huenda wapi. Hizo tovuti za kulinganisha miji nazo usizitegemee sana. Numbeo kwa mfano inakusanya bei kutoka kwa watu wanaojaza wenyewe, na kapu lao lina kapuchino, jinzi ya Levi's na ada ya jimu. Wewe na chai ya kibanda na mitumba unatafuta nini hapo?

Anza na simu yako. Piga *334#, ingia akaunti yangu, omba stetimenti ya M-Pesa ya miezi mitatu, itakuja kwa imeili. Chukua daftari ugawe: nyumba, chakula, stima na maji, nauli, bando, shule kama una watoto, pesa ya kutuma nyumbani, michango. Zile umetoa kwa ajenti weka chakula na nauli, juu ukweli ni hapo huwa zinaishia. Usiandike vile unadhani unatumia, andika vile stetimenti inasema, watu wengi wanashtuka hapo kwa michango.

Ukishapata hiyo orodha, kata kila kitu chenye hakibadiliki ukihama. Bando ni bei moja Kenya nzima. Ada za M-Pesa ni zilezile. Kama umeajiriwa, SHIF (bima ya afya ya serikali) ni asilimia 2.75 ya mshahara na ile kodi ya nyumba ya serikali asilimia 1.5, ukae Kondele ya Kisumu ukae Kiamunyi ya Nakuru. Unga na sukari ya supamaketi tofauti ni kidogo sana. Bei ya petroli EPRA, mamlaka ya kawi na mafuta, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi na Nakuru huwa chini ya Kisumu kidogo, lakini ni tofauti ndogo ya kila lita, si kitu cha kukufanya uhame. Bei ya yuniti ya stima pia ni ya nchi nzima. Yenye inabadilika ni yuniti ngapi utamaliza, na hiyo inategemea baridi na joto.

Hapa nikae kidogo juu watu huambiana tu "Kisumu utalipa stima ya feni" wanaishia hapo. Feni ya kawaida ni kama wati 50, ukiiwacha masaa 8 usiku ni yuniti 0.4, mwezi mzima yuniti 12. Sasa nenda Nakuru, mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari wakati Kisumu ni kama 1,130, hiyo asubuhi ya Julai hutaoga maji ya mfereji hata uwe umeokoka. Shawa ya stima ni kama wati 5,000. Dakika sita tu, nusu yuniti. Muwe wawili mnaoga mara moja kwa siku, ni yuniti moja kila siku, 30 kwa mwezi, na 30 ndiyo mwisho wa kile kiwango cha bei ya chini cha Kenya Power, kwa hivyo kabla uwashe taa ama kuchaji simu shawa peke yake imemaliza. Anayechemsha maji kwa gesi pia analipa, ni vile tu inajificha kwa mtungi. Kwa hivyo baridi ya Nakuru inaweza kukugharimu kuliko joto la Kisumu, na hujanunua blanketi bado.

Chakula sasa. Kosa la kwanza ni kulinganisha fungu na fungu. Fungu la nyanya la shilingi 20 soko la Kibuye Kisumu na fungu la 20 pale Wakulima Nakuru hayana uhusiano, moja linaweza kuwa na nyanya nne za ngumi na lingine sita za gololi. Tafuta kitu cha kupima: gorogoro, ule mkebe wa kupimia, kwa maharagwe, omena na mahindi, kilo kwa nyama, lita kwa maziwa, na nyanya omba mama akupimie kwa mizani kama ako nayo, ama nunua uende upime kwa kiosiki. Halafu angalia kama gorogoro yenyewe imebondwa chini, hiyo ujanja iko miji yote miwili.

Kwa ujumla kila mji una vitu vyake. Nakuru imezungukwa na shamba, viazi vinashuka kutoka Molo na Mau Narok, kabeji, karoti, maziwa ya ng'ombe yenye yalikamuliwa asubuhi, hizo ndizo raha zake. Kisumu una samaki kama omena, mbuta na ngege, mchele wa Ahero, ndizi za Kisii, na zile mboga za kienyeji, osuga (managu) na apoth (mrenda), zenye Nakuru unazipata lakini bei iko juu na zimekauka kidogo. Ila usidhani samaki ni wa bure juu ziwa liko hapo. Ngege wa ziwani ni ghali hata pale ufukweni Dunga, ndiyo sababu samaki wa barafu kutoka China wanapata soko, na ukikaa Kisumu bila kula samaki hiyo faida si yako. Hii ndiyo maana nikasema anza na stetimenti. Familia ya chapo, waru na maziwa itaokoa pesa Nakuru, familia ya ugali na omena itaokoa Kisumu, na kila mmoja atarudi kuambia wengine mji wake ndio bei rahisi.

Nyumba, hapo ndipo pesa kubwa iko, na hapo ndipo watu hulinganisha vibaya zaidi. Miji yote miwili ina Milimani, linganisha Milimani na Milimani. Kaptembwo ama Rhonda za Nakuru weka karibu na Manyatta ama Nyalenda za Kisumu. Kiamunyi weka na Mamboleo ama Riat huko juu. Ukichukua bei ya bedsita ya Nyalenda ukaiweka na ya Section 58 ya Nakuru umelinganisha watu wawili tofauti, si miji. Na usichukue bei ya mtandaoni, hizo ni za nyumba zenye zimekosa mtu, tembea mwenyewe uangalie vibao vya "to let" na uulize keteka.

Na ukiongea na keteka, usiulize "maji iko?" Atasema iko, hata wewe ungesema iko. Uliza hivi:

"Maji ya mfereji inakuja siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa, lakini wiki hii haijakuja."

"Na ikikosa mnatumia gani?"

"Kuna mtu wa mkokoteni, ama ile ya kisima."

Hapo umepata jibu. Kisha tembea kwa korido uangalie milango. Kama kila mlango uko na drami ama mitungi mitano imepangwa, hayo si mapambo, maji haiji. Chukua bei ya mtungi wa lita 20, zidisha kwa mitungi yenu ya siku, zidisha 30, uongeze kwa kodi. Hiyo ndiyo kodi ya kweli ya hiyo nyumba. Uliza pia taka, dipoziti inarudishwa lini, na mita ya stima kama ni yako pekee ama mnagawana na jirani mwenye kuchoma welding.

Bado maji: kama una watoto wadogo na unahamia Nakuru, uliza maji inatoka wapi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ndiyo ile unaona watu wana meno ya kahawia. WHO inasema maji ya kunywa isipite miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha haitoi floraidi, inaifanya tu iwe kali zaidi juu maji inapungua na yenyewe inabaki. Meno yanaharibika wakati yanaundwa ndani ya ufizi, kwa hivyo mtu mzima anayehamia hana wasiwasi sana wa meno, mtoto chini ya miaka minane ndiye wa kununuliwa maji safi ya kunywa. Weka hiyo kwa bajeti ya Nakuru.

Kisumu bajeti yake ni malaria. Kanda ya ziwa malaria iko mwaka mzima, si msimu, na ndiyo sababu chanjo ya watoto ilianza kutolewa huko 2019. Hesabu neti ya kila kitanda, dawa, na zile siku mtoto hataenda shule na wewe hutafungua duka. Mtu ametoka Nakuru ama Nyahururu mwili wake haujazoea, mwaka wa kwanza unaweza kuwa mgumu. Kwa hospitali ya rufaa hakuna mji umeachwa nyuma, Kisumu kuna Jaramogi, ile wenyeji huita Russia, na Nakuru kuna ile kubwa ya kaunti.

Halafu kuna kitu tovuti yoyote haitakwambia: nyumbani kwenu ni wapi? Kama ni Siaya, Busia ama Kakamega na unakaa Nakuru, kila matanga ni safari, na mara nyingi unapitia hapohapo Kisumu ukiendelea, na Desemba nauli inapandishwa vile watu wa matatu wanataka. Kama ni Ol Kalou ama Njoro na unakaa Kisumu, hivyohivyo upande wa pili. Hesabu mwaka jana ulienda mara ngapi, mkiwa wangapi, gawanya kwa 12. Lakini kuna upande mwingine, kukaa karibu na nyumbani kuna bei yake, wageni. Ukikaa Kisumu na kwenu ni Alego, bedsita yako ni hoteli ya kila mtu anakuja hospitali, na hakuna mtu atakutumia ya unga. Sisemi ni mbaya, ila uiandike.

Na mwenye kazi yake inamvuta Nairobi aangalie hilo pia. Nakuru ni kama kilomita 160, unaenda asubuhi unarudi jioni. Kisumu ni kama 350, ni usiku mzima barabarani ama ndege, na ndege si nauli ya matatu.

Sasa jumlisha safu mbili, ya Nakuru na ya Kisumu. Kama tofauti ni ndogo kuliko nauli ya familia kwenda nyumbani mara moja, hiyo si tofauti, chagua kwa vitu vingine, kazi, shule, kama unaweza kuvumilia joto. Kama ni kubwa, kabla ya kulipa dipoziti nenda ukae kwa rafiki wiki moja, na uende mwezi wa mvua, Aprili hivi, si Januari. Januari kila barabara ni nzuri. Aprili ndiyo utaona maji imeingia wapi Nyalenda, Nyamasaria imekaa aje, na upande wa Nakuru uulize Mwariki Ziwa Nakuru limefika wapi, juu limekuwa likipanda miaka hii na kuna watu walihama wakaacha nyumba zao ndani ya maji.