Mtaa Mmoja, Mara Tatu: Ninavyoutembea Mji wa Ugenini

Mimi ni mkalimani wa mikutano. Kazi hunipeleka nchi za nje mara kadhaa kwa mwaka, na kila mkutano ukiisha hubaki na siku moja, zikizidi sana mbili, kabla ya ndege ya kurudi. Miaka ya mwanzo siku hiyo niliimaliza kwa kukimbizana: mnara huu, kanisa lile, jumba la makumbusho, foleni, picha, foleni tena. Nilirudi na miguu inawaka moto na simu imejaa, na mtu akiniuliza mji ulikuwaje, sina la kumwambia zaidi ya "mzuri".

Siku hizi nachagua mtaa mmoja tu, ule ambao watalii hawaushukii, na nauendea mara tatu siku hiyo hiyo. Asubuhi nauona ukiamka, alasiri nakaa kwenye bustani yake, usiku naenda wanakostarehe wakazi wake. Nitatumia zaidi mfano wa Berlin, kwa sababu ndiko nilikojifunza.

Kuupata mtaa wenyewe

Naanza na ramani. Orodha za "mitaa kumi ya kutembelea" siziangalii, kwa sababu mtaa ukishaingia humo maduka yake huanza kuuza mifuko na vikombe vya ukumbusho. Kwenye ramani natafuta shule ya msingi, maktaba ya umma, soko, na sehemu za kufulia nguo kwa mashine za sarafu, vyote vikiwa vimekaribiana. Hapo najua watu wanaishi. Kisha natafuta bustani kubwa ambayo naweza kuifikia kwa miguu ndani ya dakika kumi, na kituo chenye zaidi ya njia moja ya usafiri, maana usiku njia moja ikisimama utahitaji nyingine. Nikiona hoteli zimejazana, naruka eneo hilo.

Ramani ikinishinda, napanda treni ya mzunguko. Berlin ina Ringbahn, reli ya kilomita 37 hivi inayouzunguka mji kwa muda wa saa moja. Treni ya S41 inafuata mwelekeo wa mshale wa saa, S42 inakwenda kinyume. Tokyo ina Yamanote, nayo huchukua karibu saa moja. Nauli ni ya kawaida, kiti ni cha dirishani, na mji unakupitia mbele ya macho kwa upande wake wa nyuma: nguo zilizoanikwa, bustani ndogondogo za mboga kando ya reli, baiskeli zilizoegeshwa kwa mamia. Angalia wanaopanda. Kituo ambacho watu wengi wanapanda na vikapu vilivyojaa, karibu yake pana soko, na mimi hushuka hapo mzunguko unaofuata.

Yanaka, pale Tokyo, niliujua kwa njia hiyo. Ukishuka Nippori unatembea kidogo tu na majengo marefu yanabaki nyuma yako. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilinusurika tetemeko la mwaka 1923 na mabomu ya Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana vichochoro vyake bado ni vyembamba na nyumba nyingi za mbao zimesimama. Makaburi yake yana miti ya micheri, na wakazi hupita katikati yake wakienda zao kazini.

Asubuhi

Nafika saa moja au saa mbili. Saa nzima ya kwanza sipigi picha. Natembea barabara moja ndefu, naipanda kwa upande wa kulia na kuishuka kwa upande wa kushoto, nasoma kila kilichobandikwa ukutani hata kama lugha siifahamu. Tarehe, saa na jina la mahali vinasomeka kwa lugha yoyote.

Halafu naingia ndani ya majengo ya kila siku. Maktaba ya umma ina choo safi, joto wakati wa baridi, na ubao wa matangazo. Duka la sahani za muziki lina mabango ya bendi na muuzaji anayejua nani anapiga wapi. Ila mahali ninapopapenda kuliko pote ni pale pa kufulia nguo, kwa sababu mtu anayesubiri mashine imalize hana haraka.

Ilikuwa Alhamisi, katika Schillerkiez, sehemu ya mtaa wa Neukölln. Niliingia kukwepa mvua. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anahangaika na shuka kubwa peke yake, akanitazama, akaninyooshea ncha mbili. Nikazishika. Tukarudi nyuma wote wawili hadi shuka likakaza, tukalikung'uta, tukakutana katikati, akachukua ncha zangu, tukarudi tena. Tulikunja mashuka manne hivyo bila neno. Nilipogeuka kusoma bango lililobandikwa juu ya mashine za kukaushia, lenye picha ya tarumbeta, aliligusa kwa kidole. Bango lilisema muziki unaanza saa mbili usiku. Akatikisa kichwa, akanionyesha saa yake ya mkononi na kuweka kidole kwenye saa tatu. Nikaandika kwenye daftari: chumba cha chini, namba ya nyumba, saa tatu. Hakuna tovuti ambayo ingeniambia lile la saa tatu.

Alasiri, bustanini

Mtaa ule umepakana na Tempelhofer Feld. Palikuwa uwanja wa ndege. Ulifungwa mwaka 2008, ukafunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 2010, na mamlaka ya mji ilipotaka kujenga pembezoni mwake, wakazi walipiga kura ya maoni Mei 2014 wakakataa. Ni zaidi ya hekta 300 za uwazi. Unaingia kwa lango la Oderstraße, na baada ya hatua chache unatembea juu ya njia ileile iliyotumiwa na ndege, alama zake nyeupe zikiwa bado kwenye lami. Watu wanarusha tiara, wengine wanavutwa na upepo juu ya ubao wa magurudumu. Karibu na lango hilo wakazi wamepanda mboga na maua kwenye masanduku ya mbao kuukuu, na wamegongagonga viti kati ya masanduku hayo. Sehemu za majani huzungushiwa uzio majira ya kutaga, ili ndege wanaotaga chini wasikanyagwe, kwa hiyo fuata njia. Chukua kofia na kitu cha kuzuia upepo, kwa sababu katikati hakuna mti wa kujificha.

Ninachokifanya kwenye bustani ni kukaa. Benchi moja, saa nzima. Dakika ishirini za kwanza unaona mandhari tu. Baadaye unaanza kuona ratiba: wazee wa sataranji wana meza yao, wenye mbwa wanakutana kona fulani, wazazi wanafika shule ikifungwa. Baada ya muda watu wanakuzoea, na mmoja wao atakusemesha au wewe utamsemesha.

Hapo ndipo pa kuuliza habari za usiku, na namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukiuliza "wapi pazuri pa kwenda?" atakutajia mahali anapodhani mtalii atapapenda. Muulize, "Wewe mara ya mwisho ulipotoka na rafiki zako mlikwenda wapi?" Atanyamaza kidogo, atacheka, kisha atakupa jibu la kweli, pamoja na siku panapojaa na siku panapopooza.

Ukiwa Paris, nakusihi uende Buttes-Chaumont, upande wa kaskazini mashariki. Ilifunguliwa mwaka 1867 juu ya machimbo ya zamani ya jasi, ndiyo maana ina majabali, pango na ziwa, na miteremko ambayo watu hulala juu yake jioni za kiangazi. Ukitoka hapo unatembea hadi Belleville, ambako kuna bustani nyingine ya kilimani inayoutazama mji wote. Kwa anayependa kutembea zaidi ya kukaa, Coulée verte ni reli kuukuu iliyogeuzwa njia ya miti na maua. Inaanzia karibu na Bastille na kupita juu ya matao ya matofali.

Jambo moja la kuangalia mapema ni saa ya kufunga. Bustani nyingi za Paris hufungwa usiku, na malango ya Tempelhofer Feld hufungwa giza likiingia. Soma kibao cha langoni unapoingia, wala usisubiri wakati wa kutoka.

Usiku

Kabla ya kufikiria muziki, jua utarudi vipi. Nalisema hili kwa uchungu. Kule Istanbul nilikuwa Kadıköy, upande wa Asia, na hoteli yangu ilikuwa upande wa Ulaya. Usiku ulikuwa mtamu, mtaa umejaa vijana, nikadhani vivuko vinafanya kazi kadiri watu wanavyokuwepo. Nilifika gatini nikakuta taa zimezimwa na kivuko cha mwisho kimeshaondoka. Nilisimama pale na woga wa kweli hadi nilipowaona dada wawili wenye shida kama yangu, tukachanga teksi ya kuvuka daraja. Tangu siku hiyo naandika kwa kalamu, kwenye karatasi, saa ya chombo cha mwisho na njia mbadala.

Kila mji una utaratibu wake. Tokyo treni husimama kuelekea saa saba usiku na kurudi karibu saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo wakazi ama huondoka mapema ama hukesha. London treni za chini ya ardhi hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, tangu mwaka 2016, tena kwenye njia tano: Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria. New York hufanya kazi saa 24. Paris ina mabasi ya usiku yaitwayo Noctilien. Berlin treni za mjini hukesha mwisho wa wiki, lakini mimi nilikuwa na Alhamisi, kwa hiyo mchana nilikitafuta kituo cha basi la N8, linalofuata njia ya treni ya U8, nikatembea kutoka pale hadi mlango wa kile chumba cha chini ili miguu iijue njia kabla ya giza. Fanya hivyo hata kama unaona aibu.

Saa za starehe nazo hutofautiana. Madrid klabu nyingi hazichangamki kabla ya saa saba usiku. Ukifika saa nne utawakuta wahudumu wakipanga glasi. Berlin walinzi wengi wa mlangoni hubandika stika kwenye kamera ya simu yako, na ukiibandua unatolewa nje. Golden Gai, vichochoro vya baa ndogo ndogo kule Shinjuku, Tokyo, baa nyingine zina viti chini ya kumi na hutoza ada ya kukaa juu ya bei ya kinywaji. Soma mlangoni, au uliza kabla hujakaa. Kuuliza si ujinga, na ni nafuu kuliko kubishana juu ya bili.

Mwanamke mwenzangu unayesafiri peke yako: kaa kaunta, karibu na mhudumu, umsalimie kwa lugha yake. Glasi isitoke mkononi mwako. Pesa zigawe mahali pawili, anwani ya hoteli iwe kwenye karatasi, na simu iwe na chaji ya kutosha unapoingia. Moyo ukikataa mahali, ondoka bila kujieleza kwa mtu.

Mtaa wa watu si ukumbi wa maonyesho. Mwaka 2016 baadhi ya wakazi wa Ihwa, mtaa wa Seoul uliojulikana kwa ngazi zilizochorwa maua na samaki, walizipaka rangi wakaifuta michoro hiyo kwa sababu kelele za wageni zilikuwa zimewanyima usingizi. Barcelona ilifika mahali basi namba 116, lililokuwa likijazwa na watalii, likaondolewa kwenye ramani za Google, kwa maombi ya mji, ili wazee wa mtaa wapate kiti. Nayakumbuka hayo kila ninapotoka baa saa nane usiku. Nashusha sauti, sisimami kuongea chini ya madirisha, sipigi picha watoto wala milango ya watu.

Usiku ule wa Berlin muziki ulianza saa tatu na dakika tano. Chumba kilikuwa na viti vya kukunja visivyozidi arobaini na taa moja ya mezani juu ya piano. Yule mama wa mashuka alikuwa mstari wa pili. Mpiga tarumbeta alikuwa mwanawe. Nilijua alipopanda kumfunga kola vizuri kabla ya wimbo wa kwanza. Mapumziko yalipofika alinisogezea kiti.

Nimekwambia mtaa, bustani na basi. Namba ya nyumba imebaki kwenye daftari langu, na siitaji kwa mtu. Sehemu za kufulia nguo ziko wazi mapema; anza nazo.