Kusajili Chama cha Kusaidiana na Kuacha Pombe: Mwongozo kwa Watu wa Tabora Walioko Nje

Wengi wetu tulioko nje tunachangia vyama vya kufa na kuzikana vya nyumbani, na baadhi ya vyama hivyo vimejiwekea sharti la kuacha pombe, kwa sababu fedha za msiba na za sare za watoto zimekuwa zikiishia vilabuni. Chama cha namna hiyo kinaweza kwenda kwa kuaminiana tu, mpaka siku kinapotaka kununua kiwanja Isevya, mjini Tabora, na kuulizwa mmiliki ni nani.

Hapo ndipo hatua mbili huchanganywa. Usajili chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, unaofanywa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, unakifanya chama kitambulike na kiendeshe shughuli zake kihalali, lakini haukipi nafsi ya kisheria, yaani uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake chenyewe. Kiwanja kitaandikwa kwa jina la mwenyekiti, na akifariki, warithi wake wanaweza kukihesabu katika mirathi. Nafsi hiyo hupatikana RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), chini ya Sheria ya Miunganisho ya Wadhamini, Sura ya 318, ambako wadhamini hupewa cheti kinachowafanya chombo kimoja chenye lakiri (mhuri rasmi) yake, kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kuendelea kuwapo hata wadhamini wanapobadilika. Chama chenye mali kisiishie hatua ya kwanza.

Wadhamini wawe raia wanaoishi nchini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, ingawa marekebisho ya karibuni yamewawekea hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania, na Tanzania haitambui uraia pacha kwa watu wazima. Kwa hiyo ndugu aliyekwisha kuchukua uraia wa Canada abaki mchangiaji.

Kazi kubwa iko kwenye katiba, hasa kifungu cha pombe. Kutaja "kilevi" pekee hakutoshi: andikeni kwamba kinahusu bia, gongo na wanzuki, na mseme wazi kuhusu togwa, maana iliyolala siku kadhaa huanza kulevya na itazua ubishi. Mtuhumiwa asikilizwe na kamati kabla ya kuadhibiwa. Zaidi ya yote, nawasihi adhabu isiguse haki ya mazishi. Kifungu kinaweza kusomeka hivi: "Mwanachama aliyesimamishwa kwa kunywa kilevi atapoteza haki ya kupiga kura na kugombea uongozi, lakini mjane, mgane na watoto wake watalipwa mkono wa pole kamili." Mlevi ndiye ambaye familia yake itauhitaji zaidi, na chama kilichoundwa kumwokoa kisiiache familia hiyo.

Katiba iruhusu pia kikao cha njia ya simu na ihesabu walioko nje katika akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji), la sivyo maamuzi yenu yanaweza kupingwa. Anayemtuma ndugu kumwakilisha katika jambo lake binafsi aandike hati ya uwakilishi na kuithibitisha katika ubalozi wa Tanzania. Maombi yenyewe ya usajili kwa Msajili wa Jumuiya huambatana na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi na taarifa za viongozi. Anzeni mapema kufuatilia barua ya utambulisho wilayani.

Mkitaka kukopeshana, sheria inayohusika ni nyingine: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo huviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvisajili kupitia halmashauri. Mfuko wa mikopo uwe na daftari na akaunti yake, mbali na fedha za misiba.