Kutoa Video Kwenye DVD na Kuiandaa kwa Uhariri

Wengi wakipewa DVD ya kuhariri hukimbilia programu ya kwanza wanayoipata, wanaigeuza kuwa MP4, kisha wanaanza kukata. Baadaye ndipo wanagundua picha imefifia, sauti inaachana na midomo, na kila mkono unaosogea umejaa mistari. Video ya DVD imeshabanwa kwa MPEG-2, isiyozidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Ukiibana tena ili tu iingie kwenye programu, unapoteza kisichorudi. Kwa hiyo tunaitoa kama ilivyo, halafu tunaibadilisha mara moja tu, kwenda kwenye muundo uliotengenezwa kwa ajili ya uhariri.

Mwongozo huu ni wa video uliyorekodi mwenyewe au uliyoruhusiwa kuitumia. Diski nyingi za filamu zinazouzwa zimewekewa kufuli, na sheria ya kulifungua hutofautiana nchi na nchi.

Hatua ya 1: Nakili diski nzima

Futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Iingize kwenye kompyuta uangalie kama kuna folda ya VIDEO_TS. Kama diski ilirekodiwa kwa rekoda au kamera na kompyuta inaiona tupu, usiitupe: huenda haikufungwa (finalize) baada ya kurekodiwa. Irudishe kwenye mashine iliyoirekodi, au ya aina ileile, uifunge kupitia menyu yake.

Diski ikisomeka vizuri, tengeneza ISO, yaani faili moja yenye nakala ya diski nzima, kwa programu yoyote unayoiamini. Ikiwa na mikwaruzo, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski zisizosomeka vizuri. Kwenye terminal ya Linux ninaanza hivi (/dev/sr0 ni draivu ya DVD):

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map`

Amri hiyo inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi. Kisha ninairudia kwa sehemu ngumu:

`ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map`

Faili ya map ndiyo inayokumbuka kilichokwisha kusomwa. Ukiihamishia diski kwenye draivu nyingine na kurudia amri ileile kwa faili zilezile, kazi inaendelea pale ilipoishia. Jaribu hilo kabla ya kukata tamaa, kwa sababu draivu hazilingani uwezo. Sehemu iliyoshindikana kwenye moja mara nyingi husomeka kwenye nyingine.

Hatua ya 2: Toa video bila kuibana

Ndani ya VIDEO_TS utakuta faili za VOB, zenye picha na sauti, na faili za IFO, zinazoeleza mpangilio. Video ndefu hukatwakatwa kuwa VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, kila moja isiyozidi GB 1. Usiziburute moja moja kwenye programu ya uhariri. Mkato haufuati mwisho wa tukio, hivyo unaweza kuanguka katikati ya neno, na kwenye maungio utapata sauti inayoruka.

Fungua ISO kwa MakeMKV. Inasoma IFO, inaunganisha vipande kwa mpangilio sahihi na kutoa faili ya MKV yenye picha na sauti zilezile za kwenye diski. Angalizo moja: kwa kawaida inaruka vipande vilivyo chini ya sekunde 120. Kama diski ina vipande vifupi na huvioni, punguza kiwango hicho kwenye mipangilio.

Hatua ya 3: Jua ulichonacho

Fungua MKV kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili ya video. Picha ya fremu 25 kwa sekunde huwa pikseli 720 kwa 576 (mfumo wa PAL). Ya fremu 29.97 huwa 720 kwa 480 (mfumo wa NTSC). Andika pia uwiano wa picha, 4:3 au 16:9.

Kisha tumia macho. Tafuta mahali mtu anapunga mkono, simamisha video, usogeze fremu moja moja. Ukiona kingo za mkono zina meno kama ya chanuo, kila fremu imebeba nyakati mbili tofauti, moja kwenye mistari ya shufwa na nyingine kwenye ya witiri. Amini jicho kuliko MediaInfo hapa, kwani diski nyingine husema ina mistari ya aina hiyo wakati picha yenyewe ni nzima.

Hatua ya 4: Badilisha mara moja

Kwa picha yenye meno, FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri, inatosha:

`ffmpeg -i video.mkv -vf bwdif=mode=send_field -c:v prores_ks -profile:v 2 -c:a pcm_s16le video.mov`

Kichujio cha bwdif kinazigawa zile nyakati mbili kuwa fremu mbili kamili, hivyo 25 zinakuwa 50 na mwendo unabaki laini. Ukitaka kubaki na 25, weka send_frame. Picha isiyo na meno haihitaji kichujio, kwa hiyo ondoa sehemu yote ya -vf. Sauti ya DVD mara nyingi ni AC-3 (sauti iliyobanwa), ambayo baadhi ya programu za uhariri hazisomi, ndiyo maana tunaigeuza kuwa PCM, sauti isiyobanwa. Andaa nafasi: ProRes 422, muundo wa uhariri tunaoutumia hapa, kwa ukubwa huu hula karibu GB 18 kwa saa kwa fremu 25, na takriban mara mbili yake kwa fremu 50.

Sauti ikizidi kuchelewa kadiri video inavyosonga, rudia ukiongeza `-af aresample=async=1` kabla ya jina la faili ya mwisho.

Hatua ya 5: Ingiza kwenye programu

Weka projekti kwenye idadi ya fremu za faili yako na sauti ya 48 kHz. Angalia nyuso za watu kabla ya kukata chochote. Wakionekana wembamba au wanene kuliko kawaida, programu imechukulia pikseli kuwa mraba, na za DVD si mraba. Rekebisha uwiano kwenye sifa za klipu, usivute picha kwa mkono. Kuikuza kufikia HD kufanyike ndani ya projekti, mwishoni.

Hifadhi ISO na MKV sehemu mbili tofauti. MOV unaweza kuifuta kazi ikikabidhiwa, maana amri ile itakutengenezea nyingine.