Kuku ameumwa na mbwa: jinsi ya kumtibu nyumbani, na jeraha la pili usiloliona

Juzi mke wa ndugu yangu alinipigia simu saa kumi na moja jioni. "Mulamwa, njoo na ile sirinji yako. Mbwa amemshika mtetea wangu wa vifaranga." Anakaa upande wa Shinyalu, nami niko Lurambi, zote huku Kakamega, kwa hiyo nilichukua boda nikiwa na mfuko wangu wa nailoni mapajani. Nilimkuta kuku ndani ya karai, amefunikwa leso, na vifaranga saba wanalia kulizunguka karai. Mgongoni ngozi ilikuwa imechanika, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Shemeji alikuwa ameshachemsha maji. Nilidhani ni ya kumwoshea kidonda, kumbe mzee alishaagiza kuku achinjwe na firigisi yake iwekwe kando.

Kwanza, basi, suala la kuchinja. Ikiwa matumbo yametoka nje, au mgongo umevunjika na kuku anaburuta miguu yote miwili, chinja usimtese. Fanya uamuzi huo kabla ya dawa yoyote kuingia. Akishadungwa antibayotiki haliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, na mayai yake vilevile. Lakini ikiwa ni ngozi na nyama tu zilizochanika, mpe nafasi. Nimeona kuku waliochunwa mgongo mzima wakiota ngozi mpya kwa wiki tatu au nne.

Vifaa

Sirinji ya mililita 20 bila sindano, makasi yenye ncha butu, kibanio cha kung'olea nyusi, iodini ya povidoni, chumvi, asali, taulo kuukuu, glavu. Na tochi ya kuvaa kichwani. Ya simu haifai, kwa sababu simu inataka mkono, na mikono yote miwili utaihitaji. Pamba usiiguse. Inaacha nyuzi ndani ya kidonda na kesho utashinda ukizitoa moja moja.

Hatua ya 1: Mwondoe, mzuie damu, mwache atulie

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano bila kufunua kuchungulia. Kisha mtie kwenye boksi lenye giza, na kando yake chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, umwache nusu saa. Kuku aliyetoka mdomoni mwa mbwa anaweza kufa kwa mshtuko wakati jeraha lenyewe ni dogo. Usimmiminie maji kooni. Weka kikombe mbele yake, akitaka atakunywa.

Wale wengine wafungie nje ya hapo alipo. Kuku wakiona chekundu wanadonoa, hata kama ni dada yao wa tumbo moja.

Hatua ya 2: Maji ya chumvi

Maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichorundikwa, kwa nusu lita. Tengeneza lita mbili. Utazimaliza.

Hatua ya 3: Tafuta jeraha la pili

Hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo.

Miaka minne iliyopita nilikuwa na mtetea mwekundu wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, aliyekuwa akitaga nyuma ya gunia la mkaa hata umjengee kiota cha namna gani. Mbwa alimshika. Nilimwosha jeraha la mgongoni vizuri sana, nikampaka dawa, nikajisifu. Siku ya kwanza alikula. Ya pili alikula. Ya tatu alisimama pembeni macho nusu, nikadhani ni uchungu wa kawaida. Ya nne nilipoinama kubadilisha maji nikapigwa na harufu kama ya panya aliyekufia darini. Jeraha la mgongoni lilikuwa safi, linaanza kukauka. Nilipoinua bawa la kushoto nikaona manyoya yameshikana kama yamemwagiwa uji, na chini yake tundu lisilozidi kidole gumba. Lilikuwa linachezacheza kwa funza.

Mbwa haumi kwa taya moja. Meno ya juu yakishika mgongo, ya chini yameshika mahali fulani: kwapani, ubavuni, pajani, au tumboni karibu na tundu la nyuma. Mgongo unauona kwa sababu ngozi imechanika. Kule chini jino limetoboa tu na kutoka, shimo ni dogo, manyoya yanalifunika, na nyama ya ndani imepondeka. Nzi hana haja ya tundu kubwa.

Kwa hiyo usianze kutibu unachokiona. Mzungushie kuku taulo, kichwa kifunikwe, mtu mwingine ashike miguu. Asimbane kifua! Kuku hana kiwambo cha pumzi kama sisi. Anavuta hewa kwa kifua kupanda na kushuka, na ukikibana kwa nguvu atakufia mikononi huku ukidhani ametulia. Usimlaze chali muda mrefu pia. Mlaze ubavu, maliza upande mmoja, mpumzishe, mgeuze.

Kisha pita naye kwa vidole, kinyume na manyoya, kuanzia shingoni. Vidole vinagundua kabla ya macho. Unatafuta majimaji, manyoya yaliyogandana, joto lisilo la kawaida, uvimbe. Kuku mzima ana joto la kama nyuzi 41, kwa hiyo linganisha upande na upande, usilinganishe na mkono wako. Ngozi ikibonyea na kutoa mlio kama wa karatasi, hewa imeingia chini yake. Huenda mfuko wa hewa umetobolewa. Huyo mwite daktari wa mifugo, usianze kumchokonoa.

Kila mahali unaposhuku, kata manyoya. Nasema kata. Ukiyanyofoa, ngozi ya kuku ni nyembamba kama ya nyanya iliyomwagiwa maji moto, itafuatana nayo na sasa una jeraha la tatu. Acha kipara cha upana wa vidole viwili kuzunguka kila tundu. Angalia manyoya machanga ambayo shina lake ni la bluu au jeusi: hayo yana damu ndani, ukiyakata yanatiririka. Yapite pembeni.

Kwapa zote mbili. Mapaja yote mawili kwa ndani. Chini ya mkia. Kando ya gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, kwa sababu gole likitobolewa chakula kinatoka pale, na utadhani ni usaha. Ukimaliza, rudia. Yule wa Shinyalu nilimpitia mara mbili bila kuona kitu, na ni shemeji, aliyekuwa ameshika miguu, aliyesema, "Mbona hapa pananata?" Paja la kulia kwa ndani, matundu mawili, kila moja kama punje ya mahindi.

Rudia pia kesho asubuhi kwa mwanga wa jua. Michubuko ya kuku hugeuka kijani baada ya siku moja au mbili. Hiyo si kuoza, ni damu inayovunjikavunjika chini ya ngozi. Kinachooza kinanuka. Pua yako ndiyo kipimo.

Na kama hujakuta jeraha lolote lakini kuku amezubaa, shingo imepinda na anaharisha kijani, ondoa mbwa kwenye hesabu. Fikiria kideri (Newcastle), funga banda, mwite daktari. Magamba meusi upangani peke yake pengine ni ndui, inayoletwa na mbu. Hayo ni mambo mengine kabisa.

Hatua ya 4: Osha

Jaza sirinji, sukuma maji ndani ya kila tundu mpaka yatoke yakiwa meupe. Kwa tundu refu, mweke kuku mdomo wa tundu uelekee chini ili maji yapate njia ya kurudi. Malizia kwa iodini iliyochanganywa na maji mpaka iwe rangi ya chai ya rangi nyepesi. Iodini kali kama ilivyo kwenye chupa inaunguza nyama changa.

Usishone. Najua kuna mafundi wa kushona kwa uzi wa kawaida, lakini mdomo wa mbwa umejaa uchafu, na ukishona umeufungia ndani.

Hatua ya 5: Ukikuta funza

Kwa joto la huku kwetu mayai ya nzi huanguliwa kwa saa nane hadi siku moja. Mayai yanaonekana kama punje ndogo nyeupe zilizobandikwa kwenye shina la manyoya. Ukiyakuta kabla hayajaanguliwa, kata manyoya yale uyachome moto na umepona kazi kubwa.

Wakiwa wameshatoka funza, usikurupuke na kibanio. Funza wakiguswa hujichimbia ndani. Mimi na yule mwekundu tulianza saa mbili usiku, nikawa nachomoa mmoja mmoja, na kila nilipodhani nimemaliza mwingine anachungulia. Saa saba nilikuwa bado kwenye kigoda, mgongo umekufa, kuku amechoka kuliko mimi.

Siku hizi nafanya hivi. Namkalisha kuku kwenye beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu, kidonda kizame, kichwa kiwe juu kabisa, dakika kumi. Funza anapumulia upande wa nyuma; akikosa hewa analazimika kujitokeza. Hapo ndipo unamnyanyua kwa kibanio, na wale wa ndani unawafukuza kwa sirinji. Mrudishe kwenye maji, dakika kumi nyingine. Mizunguko mitatu, wakati mwingine minne. Kisha mkaushe vizuri kwa taulo na umweke karibu na joto, maana kuku aliyelowa usiku wa mvua ya Kakamega anaweza kufa kwa baridi baada ya wewe kumwokoa na funza.

Asubuhi angalia tena. Watakuwepo. Wachache, wadogo, waliokuwa mayai jana. Jioni tena. Hesabu siku tatu mfululizo bila funza ndipo uamini.

Kuna wanaotia mafuta ya taa, oili chafu ya gari, ugoro, hata maji ya betri. Funza atakufa, sikatai, lakini na nyama iliyokuwa ipone itakufa naye. Zipo dawa za kudunga za kuua funza. Dozi yake kwa kuku apange daktari wa mifugo, kwa sababu chupa nyingi za agroveti zimeandikiwa ng'ombe. Niliwahi kuuziwa moja na kijana aliyeniambia "kadiria tu". Niliirudisha.

Hatua ya 6: Dawa

Asali safi, tabaka jembamba, juu ya kidonda kilichokauka maji, mara mbili kwa siku baada ya kuosha. Ukikosa asali, sukari. Mfunike kwa chandarua, la sivyo umewaandalia nzi karamu.

Spirei ya bluu ya vidonda nina ugomvi nayo. Watu huipuliza ndani ya tundu, juu panakauka na kupendeza, chini panaoza. Naipuliza pembezoni tu, siku ya kumrudisha bandani, ili ngozi mpya isivute midomo ya wenzake.

Antibayotiki kwa majeraha ya mbwa mara nyingi inahitajika, ndiyo, lakini iandikwe na daktari, na uulize siku za kutokula mayai. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu ziache kabatini.

Hatua ya 7: Chakula

Siku ya kwanza, maji lita moja yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kuanzia ya pili, maji ya kawaida, chakula cha leya (kuku wa mayai), yai la kuchemsha lililopondwa. Omena kidogo zikipatikana. Ngozi inajengwa kwa protini. Kinyesi kiangalie: kijani siku moja ni njaa.

Hatua ya 8: Kumrudisha

Usimrudishe kwa wenzake mpaka ngozi izibe kabisa na kusiwe na chekundu chochote. Lakini asikae peke yake wiki tatu chumbani, kwa sababu wenzake watamsahau na kumpokea kama mgeni. Weka kizimba cha waya ndani ya banda lenyewe, waonane, wasigusane. Ukimtoa, mtoe usiku, mkalishe kwenye fito katikati ya wengine, na asubuhi uwe umeamka kabla yao, ukiwa umeweka vyombo viwili vya chakula mbalimbali. Akifukuzwa kidogo, acha. Akidonolewa kidondani, mrudishe kizimbani siku nne, umwekee kuku mmoja mpole ndani, kisha watoke wawili.

Yule wa Shinyalu leo ana siku ya tisa. Vifaranga wanapita chini ya waya na kulala naye. Shemeji anasema jana alimwona anajaribu kuoga vumbi kwenye maranda ya kizimba, na paja limekauka. Jeraha la mgongoni bado. Mbwa amefungwa.