Taa ya Eabegi ya Abiria Ikiwaka Kwenye Minivani Yako, Anza na Kiti

Nilijifunzia ufundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na sasa natengeneza magari hapa Columbus, Ohio. Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu wenye watoto wengi, kwa hiyo Toyota Sienna na Honda Odyssey ndizo zinazojaa uwanjani. Swali ninaloulizwa zaidi halihusu injini wala giaboksi. Linahusu taa ya eabegi, ule mfuko unaojaa hewa ghafla gari likigonga, upande wa abiria. Nitaeleza unavyoweza kuifuatilia mwenyewe hadi pale unapotakiwa kumwachia fundi, kwa sababu wengi wanalipa pesa bure, na wengine, jambo linaloniumiza zaidi, wanaizoea taa na kuendelea kupakia watu.

Kwanza ujue kwamba kuna taa mbili, na kila moja ina habari yake. Ya kwanza iko mbele ya dereva: mchoro wa mtu aliyekaa na duara kubwa mbele yake, au herufi SRS. Ukifungua swichi inatakiwa iwake sekunde chache, mara nyingi kama sita, kisha izimike. Ikiendelea kuwaka, au ikizimika na kurudi ukiwa njiani, kompyuta ya eabegi imekuta hitilafu, na siku ya ajali mfumo unaweza usifanye kazi. Ya pili iko katikati ya dashibodi, na imeandikwa PASSENGER AIR BAG OFF. Hiyo peke yake si ugonjwa. Inakuambia kiti kimemtambuaje aliyekaa juu yake.

Eabegi za miaka ya 1990 zilikuwa zinafunguka kwa nguvu ileile kwa kila mtu, na zikaua watoto wadogo waliokaa mbele. Ndipo kanuni namba 208 ya usalama wa magari ya Marekani ikabadilishwa. Ilianza kutumika kwa awamu Septemba 2003, na kufikia Septemba 2006 magari mapya ya familia yalitakiwa yote kuifuata. Magari mengi hutimiza kanuni hiyo kwa kuizima eabegi ya mbele ya abiria kiti kinapobeba mtoto mchanga, mtoto wa miaka mitatu au wa miaka sita, na kuiacha tayari akikaa mwanamke mdogo wa umbo, wa takriban kilo 49. Aliye kati ya uzito wa mtoto wa miaka sita na wa mwanamke huyo anaweza kusomwa hivi au vile. Kwa hiyo binti yako wa miaka kumi na mmoja akikaa mbele na taa ikawa mara OFF mara ON, usikimbilie kusema gari ni bovu. Mrudishe nyuma. Ushauri wa hapa ni watoto walio chini ya miaka 13 wakae viti vya nyuma.

Sasa jaribio lenyewe. Egesha gari mahali tambarare, zima, toa kila kitu kwenye kiti cha abiria. Mwambie mtu mzima akae katikati ya kiti, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkanda umefungwa. Washa gari, ngoja kidogo, tazama taa. OFF ikizimika, au ON ikiwaka kwa magari yenye maandishi hayo, kiti kinasoma. Kuna kijana aliniletea Sienna akiamini sensa, yaani kifaa cha kitini kinachopima uzito wa aliyekaa, imekufa kwa sababu taa ilibaki OFF kila alipompakia mama yake mzazi, bibi mwembamba aliyekuja kumtembelea kutoka Kigoma. Nikamwomba mama akae vile anavyokaa siku zote. Alikuwa pembeni kabisa, ameegemea mlango, mkono mmoja umeshika mpini wa juu, na chini yake kuna mto wa sofa. Tukautoa mto, akakaa katikati, tukazima na kuwasha tena. Taa ikabadilika. Hakuna nilichofungua.

Kama haikubadilika, piga magoti uangalie chini ya kiti. Hapa ndipo minivani za familia zinapoonyesha maisha ya wenyewe: chupa za maji, gari la kuchezea, kiatu cha mtoto, mwavuli. Kitu kilichobanana kati ya sakafu na fremu kinakisukuma kiti juu, na sensa zinasoma uzito pungufu. Kwa upande mwingine, begi la shule lililoning'inia nyuma ya kiti, au kigari cha mtoto kilichokunjwa na kuegemezwa pale, huongeza au kupunguza uzito unaosomwa. Hata mtoto wa safu ya pili anayekandamiza kiti kwa magoti anatosha kuvuruga. Angalia pia kava za viti. Najua tunazipenda kwa sababu ya chai na juisi, lakini pembeni mwa kiti cha mbele cha gari nyingi kuna eabegi ya ubavuni, na kava isiyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo inaweza kuizuia. Na kiti kilicholowa maji, kikaushe kabisa kabla ya kumlaumu mtu.

Ukiwa bado chini, tafuta plagi za njano. Rangi ya njano kwenye nyaya za gari maana yake ni eabegi, usiichezee. Kuangalia ruksa: je, waya umekatika, umekwaruzwa na reli ya kiti, plagi imelegea? Kugusa, subiri. Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, kisha kaa pembeni. Toyota wanataka angalau sekunde 90, Honda dakika tatu, kwa sababu kompyuta ya eabegi hubaki na umeme wa akiba. Mimi husubiri zaidi ya hapo. Baada ya hapo unaweza kuisukuma plagi hadi isikike imeingia. Usipime nyaya za eabegi kwa mita ya umeme, hata kama unajua kuitumia. Na kama una Odyssey ya zamani, tafuta kwanza namba ya siri ya redio, maana itaidai betri ikirudi.

Kosa ninaloliona sana hutokea siku ya kusafisha gari. Mtu anakitoa kiti apige zulia sabuni, anachomoa plagi, kisha anafungua swichi asikilize muziki au asogeze gari. Kompyuta inaandika hitilafu papo hapo, na kiti kikirudishwa taa inaweza kubaki hadi ifutwe kwa mashine. Kile kimashine cha bei rahisi cha kusoma taa ya injini mara nyingi hakitakusaidia, kwa sababu kinasoma namba zinazoanza na P, wakati za eabegi huanza na B. Kwa Toyota, B1650 inaelekeza kwenye mfumo wa kumtambua abiria. Namba hiyo haisemi "nunua kiti". Inasema anza kuchunguza hapo.

Kiti kikishatolewa, kubadilishwa sponji au kuletwa kingine, kinahitaji kurekebishwa sifuri. Sienna nyingi zina sensa nne za uzito kwenye fremu chini ya kiti. Kama mzani wa buchani, lazima zijue utupu ni upi kabla ya kupima. Fundi huliweka gari tambarare, kiti kitupu, anaiamuru kompyuta ishike sifuri, halafu anaweka uzito wa kilo 30. Mashine isome kati ya 27 na 33. Nje ya hapo, kazi haijaisha. Kazi hii ndiyo inayorukwa na watu wanaofunga viti vya gari lililokufa kwenye gari linalotembea.

Hivyo ukienda kununua minivani yenye hati ya REBUILT SALVAGE, yaani iliyowahi kuharibika vibaya ikaundwa upya, fungua swichi kabla hujapapasa bodi. Taa ya SRS isipowaka kabisa zile sekunde za mwanzo, ondoka. Huenda mtu ameiua ili usione. Kuna pia vidude vinavyouzwa mtandaoni, vinachomekwa mahali pa sensa ili kompyuta iamini daima kuna mtu mzima kitini. Taa inazimika, na eabegi iko tayari kumfungukia mtoto yeyote atakayekaa pale. Nimeombwa kuvifunga, nimekataa, na nitaendelea kukataa.

Kabla ya kutoa hata dola moja, chukua ile namba ya tarakimu na herufi 17 iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize nhtsa.gov/recalls, tovuti ya serikali ya Marekani inayoonyesha kama gari lako limeitwa na mtengenezaji lirudi kurekebishwa kasoro. Desemba 2023 Toyota ilitangaza kuyaita takriban magari milioni moja ya 2020 hadi 2022, Sienna ikiwemo, kwa ajili ya sensa hizihizi za kiti cha abiria. Februari 2024 Honda ikaita kama 750,000, Odyssey zikiwemo. Sienna za 2011 hadi 2014 nazo zina wito wa zamani wa eabegi za kampuni ya Takata, na huo usiuache hata kama hakuna taa inayowaka. Matengenezo ya wito hulipiwa na mtengenezaji.

Wakati unasubiri miadi na taa ya SRS inawaka, kiti cha mbele cha abiria kibaki kitupu. Minivani ina nafasi nyuma. Ukirudi gereji kuchukua gari, omba karatasi yenye namba ya hitilafu iliyokutwa, na kama kiti kiliguswa, iandikwe kwamba sifuri imewekwa na kilo 30 zilisoma ngapi.