Spoila ya faiba kwa Altezza: kuunda na kufunga mwenyewe

Spoila ya kujitengenezea, kile kipande kinachokaa juu ya buti la nyuma la gari, hupimwa kwa upande wake wa chini. Juu, fundi rangi mzuri atakufunikia mengi. Chini, kama haijalalia buti sawasawa, itaingiza maji, itapiga kelele kwenye matuta, na mwishowe itang'oka. Kwa hiyo katika njia hii wayo wa spoila, yaani sehemu yake ya chini, tunaumwagia juu ya buti la gari lenyewe, ndipo tunapanda kwenda juu.

Nachukua Toyota Altezza, lile lililotengenezwa kati ya 1998 na 2005, kwa sababu vijana wengi Dar na Nairobi wanalo na buti lake lina ukingo mzuri wa kujengea. Umbo ni mkia wa bata (ukingo mfupi unaoinuka nyuma), lile lililopata umaarufu kwenye Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1972. Mbawa ndefu yenye miguu miwili sishauri uiunde nyumbani. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa kwenda 120, inakuwa mara nne, na yote inapitia kwenye miguu miwili iliyokaa juu ya bati jembamba.

Vitu vya kuwa navyo

Resini ya poliesta kilo 3, hadina yake (kiowevu cha kuigandisha), faiba ya nyuzi fupi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, makopo mawili ya povu la kuzibia fremu za madirisha, puti, misasa kuanzia namba 80 hadi 800, nta ya gari, tepu ya karatasi, tepu ya aluminiamu, boliti nne za M6 na gundi ya vioo vya gari. Usinunue povu jeupe la kufungia televisheni. Resini ya poliesta hulila mara moja, likabaki shimo.

Miwani na glavu si hiari. Tone moja la hadina likiingia jichoni linaweza kukupofusha. Likitokea, osha kwa maji mengi huku unapelekwa hospitali. Na kama muuzaji amekupa kichapuzi cha kobalti (cha kuharakisha kuganda) pembeni, kisikutane kamwe na hadina moja kwa moja, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka. Kichapuzi hukorogwa kwenye resini kwanza, hadina baadaye.

1. Chora

Kata kiolezo cha boksi cha nusu ya spoila, kutoka katikati ya buti hadi pembeni, kisha kigeuze kupata upande wa pili. Ndivyo pande zote mbili zinavyolingana. Kimo cha sentimita 5 hadi 7 kwenye ukingo kinatosha. Spoila iishie kwenye buti tu. Ikivuka hadi kwenye mabawa ya gari (bati za pembeni, juu ya magurudumu), buti halitafunguka.

2. Kinga rangi

Osha buti, kausha, bandika tepu ya karatasi, juu yake ya aluminiamu, upite mstari wako kwa sentimita 10 kila upande. Paka nta mara tatu, ukiifuta kila mara. Mikunjo yote ya tepu isugue kwa kucha mpaka ilale, maana kila mkunjo utajichora kwenye wayo.

3. Mwaga wayo

Fanya kazi kivulini, asubuhi. Kwa joto la pwani anza na hadina mililita 10 kwa kilo ya resini. Koroga kidogo kidogo, gramu 300 kwa mililita 3, ukipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa. Ukikoroga kilo nzima, itaganda ndoweni kabla hujafika nusu ya buti.

Chana faiba kwa mkono, usikate kwa mkasi. Ukingo uliochanika huungana na kipande cha jirani bila kuacha ngazi. Paka resini, laza faiba, kisha gonga kwa ncha ya brashi. Usiburute, utazivuta nyuzi. Itazame: faiba nyeupe inalowa, inageuka ya kuona ndani, na viputo vinakimbilia juu. Palipobaki weupe pana hewa, gonga tena. Tabaka mbili zinatosha. Ukirundika nyingi kwa mpigo joto litaumiza rangi ya gari.

4. Boliti

Hapa ndipo wengi hukimbilia gundi peke yake. Ng'oa wayo ulioganda, punguza kingo, kisha fungua kapeti la ndani ya buti uone mbavu za bati na nyaya za taa za namba. Chagua sehemu nne ambazo spana inafika, utoboe wayo kwa milimita 6. Urudishe kwenye buti, uubane kwa tepu, utumie matundu yake kama kiolezo cha kutoboa bati, milimita 7. Kwaruza kingo za kila tundu kwa tupa, paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Tundu lisilopakwa huanza kula bati kwenye mvua za kwanza.

Kila boliti ichomelewe kichwa chake kwenye kibati cha sentimita 4 kwa 4, ipite kwenye wayo ikielekea chini, na kibati kifunikwe kwa tabaka tatu za faiba. Zikiganda, funga wayo kwenye buti kwa nati.

5. Povu na ganda

Lowesha wayo kwa maji kidogo, puliza povu kwa tabaka nyembamba, liache hadi kesho yake. Chonga kwa kisu cha mkate, malizia kwa msasa 80 huku ukirudia kiolezo. Kona zote zizungushe kidogo, kwa sababu faiba haipindi kwenye kona kali. Kisha tabaka tatu za faiba juu, ziungane na kingo za wayo.

6. Puti na rangi

Msasa 80, puti, 120, 240, praima, kisha 400 na 800 kwa maji. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha utambulisho cha gari, palipoandikwa C/TR. Ukiona 202, ni nyeusi.

7. Funga

Fungua nati, nyanyua spoila, toa tepu zote, futa nta iliyobaki kwa tina (ya kuyeyushia rangi). Zungusha gundi ya vioo ukingoni na kuzunguka kila boliti. Usitumie silikoni inayonuka siki, inakula bati. Laza, weka washa pana (vibati vya duara vya chini ya nati) na nati zenye plastiki ndani, kaza mpaka gundi itokeze kidogo. Ukizidisha, bati litabonyea na litaonekana juu. Gari lipumzike saa 24.

Kisha mwagia maji ya mpira kwa dakika kumi na upapase kapeti la buti. Shika spoila ncha mbili uinue. Buti lote lije nayo. Hakikisha taa ya tatu ya breki inaonekana kwa aliye nyuma. Buti likishindwa kusimama wazi, springi zake zimezidiwa na uzito na zinahitaji kuongezwa nguvu. Baada ya kilomita 100 za kwanza, pitia nati zote nne kwa spana namba 10.